Ekseli ya nyuma inakatika kila mara? Pita hapa kabla hujanunua nyingine

Gololi Kavu:

Wakuu, heshima kwenu.

Huku Kahama ukikaa kijiwe chochote cha mafundi baiskeli hutachelewa kumwona mtu kashika ekseli iliyokatika vipande viwili, anaulizia mpya. Fundi anamfungia, anapokea hela yake, jamaa anapakia gunia anaondoka. Baada ya muda karudi na vipande vingine viwili, na safari hii anawatukana Wachina.

Mimi nasema hivi: ekseli mara nyingi inauawa na kitu kingine. Ukibadilisha ekseli na muuaji akabaki ndani ya baiskeli, umempelekea mwingine amalize. Uzi huu ni wa kumtafuta huyo muuaji. Naongelea hizi zetu za kazi, Phoenix, Avon, Hero, pamoja na mtumba wa Japani. Za mashindano zina watu wake.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko kwenye gurudumu. Panda, kimbia kidogo, acha kukanyaga pedeli, iache iserereke yenyewe. Mlio ukiendelea wakati miguu imetulia, shida ni gurudumu. Ukinyamaza, kaangalie pedeli, mikono yake na ile ekseli ya katikati. Kuna watu wamefunguliwa habu nzima, yaani kile kitovu cha gurudumu ekseli inapopita, kumbe kilichokuwa kinalia ni pedeli.

Kisha igeuze baiskeli miguu juu, shika tairi la nyuma karibu na fremu, lisukume kushoto na kulia. Halitakiwi kucheza. Likicheza, ama nati za nje zimelegea, ama koni (zile nati za mviringo ndani ya habu ambazo gololi zinazungukia) zimelegea, ama ekseli imeshakatika ndani na wewe hujui. Nati unazikagua kwa spana ya 15, kazi imeisha. Zikiwa zimekaza na gurudumu bado linacheza, litoe.

Likiwa mkononi, zungusha ekseli kwa vidole viwili, polepole, bila nguvu. Ikizunguka laini bila kucheza, iache ilivyo. Ukisikia mchanga, grisi imekauka au imeingiwa na vumbi. Ukisikia vidole vinakwama kidogo na kuachia, tok, tok, tok, koni zimeliwa. Na kama upande mmoja wa mzunguko inabana na upande mwingine inalegea, ukikaza inakwama, ukilegeza inacheza, hupati katikati, hiyo ekseli imepinda na hakuna koni utakayoirekebisha ikakaa. Itoe uiviringishe juu ya kioo. Utaona mwanga unapita chini yake, unapotea, unapita tena.

Sasa kwa walioshakatikiwa: msitupe vipande. Chukua kipande, futa grisi, angalia pale palipokatika. Ukikuta sehemu moja ni nyeusi au ina kutu na sehemu ndogo iliyobaki inang'aa, ufa ulianza zamani. Ulikuwa unatembea nao kila siku, grisi na maji vinaingia, na kile kipande kinachong'aa ndicho kilichokuwa kimebaki kikikubeba. Pakiwa pote panang'aa, ni pigo moja: shimo, mzigo, basi. Wengi wenu mtakuta nyeusi.

Halafu angalia imekatika wapi. Karibu wote mtaniambia kulia, upande wa cheni, palepale koni inapoishia. Sababu iko kwenye umbo la habu. Gololi ndizo zinazobeba uzito, na gololi za kulia ziko ndani ya habu. Friwili, ile yenye meno ya cheni, inafungwa kwa nje yake. Kwa hiyo kutoka kwenye gololi hadi kwenye fremu kuna kipande cha ekseli kinachopita katikati ya friwili hewani, hakijashikwa na kitu. Friwili ya jino moja ni nyembamba, kipande hicho ni kifupi. Friwili ya gia sita au saba ni nene, kipande kinakuwa kirefu, na kila shimo unalopita kinapinda kidogo na kurudi, kinapinda na kurudi. Shimano, watengeneza vipuri wa Japani, walishughulika na jambo hili mwaka 1978 walipotoa habu ambayo friwili ni sehemu ya habu yenyewe na gololi za kulia zimesogezwa nje, karibu na fremu. Ndiyo maana baiskeli za gia za bei mbaya hazina sana ugonjwa huu. Lakini mtumba mwingi unaoshushwa huku bado una friwili ya kufunga kwa nyuzi, kisha mtu anaweka keria na kupakia mpunga.

Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji peke yake. Karibu uzito wote huo unakaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kidogo. Piga hesabu mwenyewe.

Wauaji wengine nitawataja haraka. Midomo ya fremu, pale ekseli inapokaa, haitazamani sawasawa, hivyo ukikaza nati unaipinda ekseli kwa mkono wako mwenyewe. Cheni iliyobanwa kupita kiasi: iachie icheze juu na chini kama sentimita moja na nusu katikati. Koni zilizokazwa mpaka gololi zinalia. Na gololi pungufu, kwa sababu moja ilidondoka mchangani na fundi akaona zilizobaki zinatosha.

Karibuni wenye ujuzi, na wenye baiskeli mbovu pia.

Binti wa Uvinza:

Umeeleza vizuri kaka. Swali: gololi ni ngapi hasa? Huku kila fundi ana idadi yake, mmoja anajaza mpaka hazitikisiki.

Gololi Kavu:

Dada, kwa hizi habu za kawaida, nyuma ni gololi za robo inchi, 9 kila upande. Mbele ni ndogo, za inchi 3/16, nyingi zinakula 10 kila upande. Zikishakaa kwenye bakuli lazima kibaki kinafasi kidogo, kisichotosha gololi nyingine. Anayejaza mpaka hazitikisiki anazifanya zisagane zenyewe kwa zenyewe.

Na usichanganye gololi mpya na za zamani. Ya zamani imeshaliwa kidogo hata kama jicho halioni, hivyo mpya mbili tatu ndizo zitakazobeba mzigo wote. Badilisha seti nzima, ni vitu vya bei ndogo kuliko nauli ya kurudi kwa fundi.

Mzee wa Swala:

Vijana, hapo kwenye koni mmepita mbio. Koni inataka kutazamwa mchana, juani. Ifute kwa kitambaa kikavu, igeuze. Njia ya gololi iwe mstari unaong'aa usiokatika. Ukiona vidoti, vishimo, ngozi ya chuma imebanduka, tupa, hata kama kimoja. Bakuli lililo ndani ya habu ni gumu kulitazama, kwa hiyo chukua kalamu ya wino, pitisha ncha yake kwenye njia ya gololi mzunguko mzima. Ikidumbukia mahali, bakuli limetoboka. Koni mpya kwenye bakuli bovu italiwa vilevile, umepoteza hela.

Jambo la pili, gurudumu la mbele. Zile baiskeli za kizamani za Kiingereza na nakala zake za India na China, habu ya mbele mara nyingi haina nati ya kufungia koni. Koni moja imekazwa mpaka mwisho wa nyuzi, ya pili ndiyo ya kurekebisha, na inashikiliwa na foku na nati ya nje tu. Hiyo ya kurekebisha lazima iwe kushoto kwa mpandaji. Vijana wanaziba pancha wanarudisha gurudumu kinyume. Baiskeli ikitembea, gurudumu linaivuta koni: kulia linaivuta kwenda kukaza, kushoto linaivuta kwenda kulegea. Ikiwa kushoto, ikikosea italegea, utasikia gurudumu linacheza utasimama. Ikiwa kulia itajikaza yenyewe mpaka gurudumu lishike ukiwa unateremka.

Gololi Kavu:

Shikamoo mzee. Hii ya kushoto na kulia iandikwe ukutani kwa kila fundi.

Mzee wa Swala:

Marahaba. Ukimaliza kurekebisha mbele, inua baiskeli gurudumu lielee. Vali iko nzito kidogo kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo gurudumu lenyewe litabembea huku na huku mpaka vali ikae chini. Likisimama popote bila kubembea, umebana. Sisi tulifundishwa hivyo na hakuna mashine iliyotuzidi.

JuaKali wa Nyanza:

Sasa mkubwa, huku Kisumu tumeacha hayo mambo ya koni. Unaenda kwa fundi wa leizi, anakukerezea habu ya chuma yenye vikao vya beringi za kufungwa, unaweka beringi namba 6000, tundu milimita 10, nje 26. Hakuna kuhesabu gololi, hakuna grisi, maji ya mvua hayaingii upesi. Ikiisha unagonga inatoka, unaingiza ingine.

Gololi Kavu:

Mkuu, beringi ni nzuri sana kwa vumbi na tope, sina ubishi. Ila mambo mawili. Vikao vya pande zote mbili visipokuwa kwenye mstari mmoja, beringi zitakufa mapema, kwa hiyo inategemea fundi wako wa leizi ana mkono gani. La pili ndilo kubwa: kama beringi ya kulia bado imekaa ndani na friwili nene iko nje yake, ule urefu wa ekseli unaoning'inia haujapungua hata kidogo. Umetibu koni, ekseli bado itakatika.

Tena angalia ekseli yenyewe. Ya Phoenix na Hero kwa nyuma kwa kawaida ni ya inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Kwenye tundu la 10 inacheza. Tafuta ya milimita 10 kamili.

JuaKali wa Nyanza:

Hapo kwa urefu umeniweza. Ndiyo maana hata ile Buffalo, baiskeli ya mizigo, keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na ile ya kawaida ina gia moja tu na breki ya kukanyaga kinyumenyume. Wangetaka wangeweka gia saba.

Spana Mkononi:

Hapo kwenye 9.5 na 10 naongezea. Nati ya milimita 10 inaingia kwenye ekseli ya 3/8 vizuri tu, kwa sababu nyuzi zinakaribiana sana: moja ina nyuzi 26 kwa inchi, nyingine hatua ya milimita moja. Unazungusha kwa mkono unafurahi. Ukija kukaza inaruka, nyuzi zimefutika, na nati inayoruka ndiyo inayoachia gurudumu njiani. Njia rahisi: nati ikiwa nusu njia, itikise. Ikicheza pembeni, siyo yake. Kwenye makopo ya vipuri vya mtumba zimechanganywa zote, msiamini macho.

Mkulima wa Nzega:

Wakuu nimeusoma uzi wote. Mimi ndiye huyo anayetukana Wachina. Baiskeli yangu ni mtumba ya gia saba nyuma, nabebea mpunga kwenda mashineni. Ekseli zinakatika kulia, sasa nina mkebe wa vipande. Nimevitazama kama ulivyosema: vyote vina weusi, vingine zaidi ya nusu. Fundi wangu ananiambia ninunue ekseli "ya chuma kigumu". Nimfuate?

Gololi Kavu:

Pole sana mkuu. Weusi kwenye vyote maana yake hakuna iliyokufa kwa shimo moja, zote zimekufa kwa kukunjwa kidogo kidogo. Ekseli nzuri itachelewa, lakini itafika kulekule. Kabla hujanunua chochote nijibu: ni ya nati au ya kile kifyatuo cha kukunja kwa mkono? Na baiskeli imewahi kuanguka na mzigo ikilalia upande wa cheni?

Mkulima wa Nzega:

Ilikuwa ya kifyatuo, sasa ni ya nati. Kuanguka, nani hajaanguka na gunia?

Spana Mkononi:

Hizo za kifyatuo ndizo hatari kimyakimya. Ekseli yake ina tundu, na ule ufito wa chuma unaopita ndani unazishika pande mbili hata ikiwa imeshakatika. Mtu anatembea nayo mwezi mzima anadhani koni zimelegea. Siku akifyatua kuziba pancha, inatoka vipande.

Gololi Kavu:

Sawa. Mkuu wa Nzega, fanya hivi. Weka gurudumu kwenye fremu, kaza nati ya kulia peke yake, kaza kwelikweli. Kushoto usiweke nati kabisa. Sasa angalia ncha ya kushoto: imekaa katikati ya mdomo wa fremu, au imepanda juu, imeshuka, imekwenda mbele? Kisha fungua, kaza kushoto peke yake, angalia kulia. Fremu iliyonyooka ncha inakaa yenyewe mahali pake.

Mkulima wa Nzega:

Nimefanya jioni hii. Nikikaza kulia, ncha ya kushoto inapanda mpaka inagusa ukingo wa juu wa mdomo. Nikikaza kushoto, ya kulia inakaa katikati vizuri.

Gololi Kavu:

Basi mdomo wa kulia umepinda. Kila ulipokuwa unakaza nati zote mbili ulikuwa unaikunja ekseli kabla hata hujapakia kilo moja. Juu ya hapo ukaongeza friwili nene na mpunga. Ekseli ya chuma kigumu isingekusaidia.

Fremu ni ya chuma au aluminiamu? Weka sumaku. Ikishika, fundi anaweza kuunyoosha mdomo kwa spana kubwa ya kurekebisha: aubane mdomo wenyewe, avute kidogo, apime, avute kidogo. Asipige nyundo. Ikiwa ni aluminiamu usimruhusu, itapasuka leo au wiki ijayo.

Mkulima wa Nzega:

Sumaku imeshika. Fundi amenyoosha, tukapima tena pande zote, ncha zinakaa katikati. Lakini gia saba naziogopa sasa. Nina gurudumu la zamani la Phoenix, la friwili moja. Linaweza kuingia?

Mzee wa Swala:

Litaingia, ila habu ya Phoenix ni nyembamba, hiyo fremu ya gia ni pana. Usije ukalibana kwa nati mpaka fremu ikutane na habu, utapinda midomo upya na tutarudi mwanzo wa mazungumzo haya.

Gololi Kavu:

Kama alivyosema mzee. Pima upana wa ndani kutoka mdomo hadi mdomo. Ongeza milimita 40 hadi 45, huo ndio urefu wa ekseli unaotafuta, ili nati zipate nyuzi za kutosha nje. Nafasi iliyozidi kati ya habu na fremu ijaze kwa washa nene au nati za ziada pande zote mbili, lakini zisilingane: upande wa kulia weka chache kadiri friwili itakavyoruhusu bila kugusa fremu, maana kila washa unayoiweka kulia inarudisha ule urefu unaoning'inia. Gurudumu litakaa kulia kidogo. Fundi alirudishe katikati kwa kulegeza spoku za kulia na kukaza za kushoto.

Angalia pia ukubwa wa ringi. Kama Phoenix yako ni ya 28 na mtumba ni wa 26, tairi linaweza kugusa fremu, na breki za ringi hazitafika mahali pake. Hilo lipime kabla ya mengine yote.

Ule mkono wa gia wa nyuma usiutoe. Toa waya wake tu, uache uwe kikaza cheni, uupange kwa skrubu zake unyooke na jino la friwili. Midomo ya fremu nyingi za gia imekatwa kwenda juu, huwezi kuvuta gurudumu nyuma kukaza cheni.

Binti wa Uvinza:

Na friwili ya zamani je? Mimi yangu inateleza, nakanyaga haishiki. Fundi kaijaza grisi.

Gololi Kavu:

Dada, hiyo grisi ndiyo inayoitelezesha. Ndani kuna vikucha vidogo vinavyofyatuka kwa springi nyembamba sana, grisi nzito inavigandisha. Ioshe kwa mafuta ya taa mpaka iseme kri-kri kwa sauti kavu, iache ikauke, kisha tone chache za oili nyepesi ya cherehani. Grisi iweke kwenye gololi za habu tu. Na oili usiimwagie habu kutoka nje, itaiyeyusha grisi na kuitoa.

Mkulima wa Nzega:

Ringi zote ni 26, nimepima. Upana wa ndani wa fremu ni milimita 130. Kwa hiyo ekseli ya 170 hadi 175?

Gololi Kavu:

Hapohapo. Na kwa kuwa habu ni ya Phoenix, nunua ya 3/8, nenda na koni yako ya zamani mfukoni uijaribu dukani.

Spana Mkononi:

Na uitikise.